Paka Kibogoyo na Mlo Wake

Paka aliyefikia utu uzima huwa na meno 30, idadi ndogo ukilinganisha na 42 ya mbwa, na kati ya hayo hakuna hata moja lililoumbwa kwa ajili ya kutafuna kwa namna ambayo ng'ombe au binadamu hutafuna. Meno madogo 12 ya mbele hunyofoa manyoya na vinyama vilivyoshikamana na mfupa, chonge nne hukamata windo na kuliua, na magego ya pembeni, ambayo ya juu hupishana na ya chini kwa ukaribu mkubwa, hukata nyama vipande ambavyo humezwa vizima. Taya la chini hupanda na kushuka tu, wala haliwezi kwenda upande ili kusaga, na mate ya paka karibu hayana kabisa kimeng'enya cha wanga, yaani ile kemikali ya mwili ambayo kwa binadamu huanza kuvunja ugali au wali ungali mdomoni. Kwa hiyo paka aliyebaki kibogoyo hakupoteza kinu bali amepoteza kisu, na kazi ya kisu inaweza kufanywa na mtu jikoni kabla sahani haijawekwa chini. Ndiyo maana kulainisha chakula ni sehemu nyepesi ya malezi yake. Sehemu ngumu, ambayo wafugaji wengi huikosea kwa nia njema, ni kujua kitu gani kilainishwe.

Uzee wenyewe haung'oi meno. Madaktari wa mifugo wa Marekani humhesabu paka kuwa mzee akishavuka miaka 10, na wapo wanaofika 18 chonge zao zote zikiwa mahali pake. Meno yanapotoka, chanzo huwa ni maradhi ambayo aghalabu yalianza miaka mingi nyuma. Mojawapo ni ugonjwa wa fizi, ambao huanza pale utando laini wa bakteria unapoganda juu ya jino na kuwa ukoga, fizi zikavimba, na mzizi ukaachiwa kidogo kidogo hadi jino likalegea. Jingine, ambalo kwa paka ni la kawaida mno, ni jino kumomonyolewa na mwili wenyewe: chembe hai ziitwazo odontoklasti, ambazo kwa paka mchanga hufanya kazi halali ya kuyeyusha mizizi ya meno ya utotoni ili yapishe ya ukubwani, hugeukia meno ya kudumu na kuchimba tundu jekundu karibu na ufizi, tundu ambalo likiguswa hata paka aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hutikisa taya. Upo pia uvimbe sugu wa kinywa, ambapo kinga ya mwili, mara nyingi kukiwa na virusi vya jamii ya kalisi, hushambulia fizi na koo bila kukoma, na ambao tiba yake inayotegemewa zaidi ni kung'oa magego yote au hata meno yote, baada ya hapo paka walio wengi hupata nafuu kubwa na wengine hupona kabisa.

Tofauti kati ya kinywa kisicho na meno na kinywa chenye meno mabovu inapaswa kuwekwa wazi, kwa sababu watu huwahurumia paka wa aina ya kwanza na kuwasahau wa aina ya pili. Paka mwenye jino bovu hukimbilia chakula kwa hamu, hukigusa, kisha huruka nyuma akifoka kana kwamba sahani imemng'ata. Hulalia shavu moja anapokula, hudondosha kipande alichokwisha kukichukua, hupangusa mdomo kwa mguu wa mbele, na mate yake huwa mazito yenye harufu ya kuoza. Kumlainishia paka wa aina hiyo chakula bila kumtibu ni kuuficha ugonjwa, kwa kuwa maumivu yake hayatokani na ugumu wa nyama. Kibogoyo ambaye fizi zake zimekwisha kupona, kwa upande mwingine, hana maumivu. Baada ya meno kung'olewa, nyuzi za kushonea huyeyuka zenyewe na fizi hufunga katika muda wa wiki mbili hivi, kipindi ambacho chakula laini ni cha lazima. Baada ya hapo si ajabu kumkuta akimeza punje kavu za dukani nzima nzima, kama alivyokuwa akifanya kwa sehemu kubwa hata alipokuwa na meno.

Kinachomwezesha ni ulimi. Sehemu ya juu ya ulimi wa paka imejaa vijiti vidogo vigumu vinavyoelekea kooni, vilivyotengenezwa kwa kitu kilekile kinachounda kucha, na mwaka 2018 watafiti wa Georgia Institute of Technology nchini Marekani walionyesha kwamba ncha za vijiti hivyo zina mfereji kama kijiko, unaochota mate na kuyafikisha ndani ya manyoya paka anapojilamba. Mezani vijiti hivyo hufanya kazi ya kukwangua. Mtu akimtazama kibogoyo kwa karibu ataona kwamba haumi chakula: hukilamba kwa mapigo mafupi, hukibana kati ya ulimi na matuta ya kaakaa, kisha hukisukuma nyuma na kukimeza. Nyama laini iliyotandazwa kwenye sahani pana na bapa huteleza mbele ya ulimi hadi ikamwagika ukingoni, naye huifuata akizunguka sahani nzima, lakini ikikusanywa katikati kama kichuguu, au ikawekwa kwenye kisahani chenye ukingo wa kuizuia, humaliza mlo kwa nusu ya juhudi. Wapo wanaopenda nyama iliyosagwa ikawa laini kabisa na wapo wanaopenda vipande vidogo vinavyonyofoka kwa vidole, na njia ya kujua ni kuwapa vyote viwili katika visahani tofauti na kuangalia kipi kinaisha.

Hapo ndipo swali la kitu gani kilainishwe linapoingia. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, paka aliyezeeka hupewa ugali uliovurugwa kwa mchuzi, uji, mkate uliolowekwa kwenye maziwa au wali wenye harufu ya samaki, kwa hoja kwamba vyote hivyo havihitaji meno. Ni kweli havihitaji meno, lakini karibu vyote ni wanga, na paka ni miongoni mwa wanyama ambao miili yao haiwezi kuishi bila nyama hata kama matumbo yao yamejaa. Mnyama huyu hana hata uwezo wa kuonja utamu, kwa kuwa kijenetiki sehemu moja ya kipokezi cha ladha hiyo imeharibika, jambo lililothibitishwa mwaka 2005 na watafiti wa kituo cha Monell Chemical Senses Center cha Philadelphia. Hawezi kugeuza rangi ya manjano ya karoti au boga kuwa vitamini A, bali huihitaji vitamini yenyewe kutoka kwenye mwili wa mnyama mwingine. Zaidi ya yote huhitaji taurini, kiini kinachofanana na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ambacho binadamu na mbwa wengi hujitengenezea wenyewe lakini paka hutengeneza kidogo mno. Mwaka 1975 ilibainika kuwa paka wanaoikosa taurini hupofuka kwa kuharibika kwa utando wa nyuma ya jicho, na mwaka 1987 daktari Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu huohuo hutanua moyo na kuulegeza hadi ukashindwa kusukuma damu, na kwamba moyo huo huweza kurudi katika hali njema paka akipewa taurini. Mimea haina taurini ya kutosha hata kidogo. Paka mwenye meno anayepewa ugali huenda akajiokoa kwa mijusi, panzi na panya wa nyumba ya jirani, lakini kibogoyo, ambaye hawezi tena kuua, hula kile tu anachopewa, na kosa la jikoni humwangukia lote.

Maziwa yanastahili kutajwa peke yake kwa sababu yameaminiwa kwa muda mrefu. Paka wengi baada ya kuachishwa ziwa hupungukiwa na kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, na matokeo yake ni kuharisha, ambako kwa paka mzee humaanisha kupoteza maji ambayo hakuwa nayo ya ziada.

Samaki ndiye jibu la kwanza la watu wa pwani na wa eneo la Maziwa Makuu. Paka wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja wameishi kwa vichwa na matumbo ya samaki kwa vizazi vingi, na dagaa hupatikana kwenye kila genge. Dagaa ni chakula kizuri kwa kibogoyo ikiwa mambo machache yatazingatiwa. Wale wa baharini wa Zanzibar aghalabu huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo inafaa walowekwe na maji ya kwanza yamwagwe. Wale wanaoanikwa chini huja na mchanga, ambao huoshwa mara mbili au tatu hadi maji yatoke safi, kwa kuwa mchanga hukwaruza fizi zisizo na kinga. Baada ya hapo huchemshwa upya bila chumvi na kupondwa kwenye kinu au kusagwa kwenye blenda hadi miiba isisikike kwa vidole. Hata hivyo, dagaa aliyesagwa mzima pamoja na mifupa yake ana fosforasi nyingi, madini ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa mwilini, kwa hiyo kumpa paka mzee dagaa asubuhi na jioni kila siku si busara. Samaki mbichi nao si salama kama wanavyodhaniwa, kwani baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu thiamini, yaani vitamini B1, na paka anayewategemea huanza kuinamisha shingo, kuyumba na hatimaye kupata degedege. Moto huua kimeng'enya hicho. Minofu ya jodari pekee, siku baada ya siku, huleta tatizo jingine: mafuta yake bila vitamini E ya kutosha husababisha uvimbe wenye maumivu kwenye mafuta ya chini ya ngozi.

Kwa matumizi ya kawaida, kuku ndiye rahisi zaidi. Mapaja yanafaa kuliko kidari, kwa sababu nyama nyeusi, ambayo misuli yake hufanya kazi zaidi, ina taurini nyingi kuliko nyeupe. Huchemshwa kwa maji machache bila chumvi, kitunguu maji, kitunguu saumu wala viungo vya pilau, kisha mifupa yote hutolewa, ukiwemo ule mwembamba wa mguuni unaofanana na sindano, na nyama hukatwakatwa kisha kusagwa pamoja na supu yake. Supu hiyo isimwagwe wala isiandaliwe watu wengine, kwa maana taurini huyeyuka ndani ya maji, na anayemwaga supu hubaki na nyama yenye ujazo lakini iliyopungukiwa na kile kilichotafutwa. Supu iongezwe kidogo kidogo hadi chakula kishike kijiko na, kijiko kikiinamishwa, kishuke taratibu. Kikitiririka kama maji, tumbo dogo la paka litajaa kabla nguvu anayoihitaji haijaingia. Yai lililochemshwa linaweza kupondwa ndani yake. Ini la kuku nalo linafaa, lakini kwa kiasi cha kijiko kimoja cha chai mara moja au mbili kwa wiki, kwa kuwa paka aliyezoeshwa ini kila siku hujaza vitamini A mwilini hadi mifupa ya shingo ikaota na kushikamana, na baadhi yao huishia kushindwa hata kugeuza kichwa.

Nyama tupu, hata ikiandaliwa kwa uangalifu huo, haitoshi kwa miezi mingi. Paka mwitu anapomla panya humla na mifupa, damu, moyo na utumbo, ilhali nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na mwili unaokosa kalsiamu hulazimika kuichota kwenye mifupa yake wenyewe. Mfugaji anayekusudia kupika mwaka mzima anapaswa kupangiwa na daktari wa mifugo viwango vya kalsiamu, taurini na vitamini za kuongeza. Asiyetaka hesabu hizo ana njia mbili. Ya kwanza ni chakula cha kopo ambacho lebo yake inasema kuwa ni kamili kwa paka mzima, maana yapo makopo mengine ambayo ni ya kitoweo tu na hayakukusudiwa kuwa mlo wote. Ya pili, ambayo ni nafuu zaidi kwa mfuko na kwa maoni ya makala haya haijapewa thamani inayostahili, ni kuloweka punje kavu kwenye maji ya uvuguvugu au supu ya kuku kwa robo saa au zaidi na kuzivuruga kwa uma. Punje hizo huwa na maji takribani asilimia 10 tu, wakati chakula cha kopo kina karibu asilimia 75 hadi 80, na kuloweka huziba sehemu kubwa ya pengo hilo bila kupoteza virutubisho vilivyowekwa kiwandani. Kuchanganya punje zilizolowekwa na kuku aliyesagwa humridhisha paka mchaguzi na hupunguza gharama.

Suala la maji halihusu ulaini peke yake. Paka wa kufugwa ametokana na paka mwitu wa Afrika, Felis lybica, ambaye hadi leo anaishi katika nyika za Kenya na Tanzania, na kwa kuwa mababu zake walipata sehemu kubwa ya maji yao kutoka kwenye miili ya mawindo, kiu yake ni dhaifu. Ugonjwa sugu wa figo ni miongoni mwa maradhi yanayowapata paka wazee kwa wingi, na kila kijiko cha maji kinachoingia kupitia chakula huwa na faida kwao. Paka akinywa maji mno na kukojoa mno, au akila sana huku akikonda, hilo si jambo la meno tena. Huenda ni figo, kisukari, au tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, kutoa homoni kupita kiasi, na kipimo cha damu ndicho kinachotenganisha haya.

Joto la chakula lina uzito mkubwa kuliko inavyofikiriwa. Pua na ulimi wa mzee hupungua makali, na chakula kilichotoka kwenye jokofu hakina harufu ya kumwita. Kikipashwa hadi kukaribia joto la mwili wa windo hai, kama nyuzi 37, harufu hupanda na paka aliyekuwa akigeuza uso hurudi. Kisahani hutumbukizwa ndani ya bakuli la maji ya moto kwa dakika chache, kisha chakula hukorogwa na kuguswa kwa kidole, hasa kama kimepashwa kwa maikrowevu, ambayo huacha sehemu moja ikiunguza na nyingine ikiwa baridi. Milo iwe midogo na mingi, minne au mitano kwa siku, kwa kuwa ndivyo paka alivyo: panya mmoja humpa takribani kalori 30, na paka wa kilo nne anayehitaji kalori 200 hadi 250 kwa siku angehitaji panya saba au wanane, waliokamatwa kwa nyakati tofauti. Katika joto la pwani chakula laini huchacha upesi, hivyo kisiachwe chini zaidi ya saa moja, na pale sisimizi wanaposumbua, kisahani huwekwa ndani ya sinia lenye maji kidogo. Kukiinua kisahani kimo cha matofali mawili yaliyolazwa humsaidia pia, kwani shingo na viwiko vya mzee huuma: uchunguzi wa picha za eksirei za paka 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 12, uliochapishwa Marekani mwaka 2002, ulikuta dalili za kuchakaa kwa viungo katika 90 kati yao. Baada ya kula, kidevu na pembe za mdomo hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa kukosa chonge huuacha ulimi ukining'inia na mate yakichuruzika, na mwili huchanwa kwa kitana, maana meno ya mbele ndiyo yaliyokuwa yakifumua manyoya yaliyosokotana.

Vipo pia vitu visivyopaswa kabisa kufika kwenye kisahani hicho. Vitunguu vya kila aina, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na ndiyo sababu mabaki ya mchuzi wa nyumbani hayafai hata yakiwa na nyama ya kutosha. Hatari kubwa zaidi ni panado. Mtu akiona paka anashindwa kula kwa maumivu ya mdomo huweza kumsagia kidonge cha parasetamoli kwenye chakula, lakini ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Hata dawa halali zilizoandikwa na daktari zisichanganywe kwenye mlo mkuu, kwa sababu paka anayeonja uchungu ndani ya chakula hukichukia chakula chenyewe kwa wiki kadhaa. Ni heri zifichwe kwenye tonge dogo la kitu kingine.

Mizani ndiyo shahidi wa kuaminika kuliko macho, kwa kuwa manyoya huficha mifupa. Paka wa kilo nne aliyepungua nusu kilo amepoteza sehemu moja ya nane ya mwili wake, ambayo ni sawa na binadamu wa kilo 70 kupoteza karibu kilo tisa, na mabadiliko hayo huonekana mapema akipimwa kila baada ya wiki mbili ndani ya kikapu kinachoning'inizwa kwenye mizani ya sokoni. Kutokula kabisa ni jambo la dharura. Tofauti na mbwa, paka anayekaa siku mbili au tatu bila chakula, hasa akiwa mnene, huyamwaga mafuta yake kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, ini hujaa mafuta, macho na fizi hugeuka manjano, na hamu ya kula hupotea kabisa. Kumlazimisha kwa bomba la sindano kunaweza kuingiza chakula kwenye mapafu. Daktari hupendelea kupitisha mrija laini kwenye umio kupitia upande wa shingo, akiwa amemlaza paka kwa dawa ya usingizi kwa muda mfupi, na chakula laini kilichochujwa hupitishwa humo mara kadhaa kwa siku nyumbani. Paka huuzoea mrija huo kuliko wafugaji wanavyotarajia, anaweza kula kwa mdomo ukiwa bado mahali pake, na mrija huondolewa pale anapokuwa amekula mwenyewe vya kutosha kwa siku kadhaa mfululizo bila kupungua uzito.